Mustang ya 1968 yenye 302: nifufue injini yake au niweke 1UZ?

ChumaChaKale

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijamwaga hela pasipostahili.

Gari ni Ford Mustang ya 1968, milango miwili, paa gumu, usukani kushoto. Herufi ya tano kwenye namba ya chasisi ni F, yaani ilitoka kiwandani na V8 ya 302 (ujazo wa inchi, karibu lita 5) yenye kabureta ya midomo miwili, na gia ni otomatiki ya C4. Imekaa chini ya turubai Tegeta muda mrefu. Kadi iko sawa.

Injini inawaka lakini inachemsha haraka hata ikiwa imesimama. Kompresheni imepimwa injini ikiwa ya moto, plagi zote nje, kabureta imefunguliwa yote. Silinda ya 1 hadi ya 8 kwa psi: 135, 130, 70, 65, 132, 138, 128, 134. Mvua ikinyesha maji yanadondokea miguuni kwa abiria na kapeti la upande huo limeoza. Breki ni za ngoma magurudumu yote manne.

Sitaki gari ya mashindano. Nataka ya wikiendi, iende Bagamoyo na kurudi, na ikikuta foleni Mwenge saa kumi na moja jioni isichemshe.

Fundi mmoja anasema 302 itupwe, iwekwe 1UZ, yaani V8 ya Toyota, na gia yake maana spea zipo mtaa wa Gerezani hapa Dar. Mwingine anataka tuanze na rangi ili gari "ionekane". Nimsikilize nani?

---

Geji

Mkuu, hizo namba zako zimeshasema, injini haijafa. Kwenye V8 hii Ford anahesabu silinda 1 hadi 4 upande wa kulia ukiwa umekaa ndani ya gari, kuanzia mbele kwenda nyuma, na 5 hadi 8 upande wa kushoto. Kwa hiyo 3 na 4 ni majirani. Majirani wawili wakishuka pamoja na wengine wote wakabaki karibu karibu, wa kwanza kushukiwa ni gasketi ya hedi iliyoungua katikati yao. Ringi zikiisha haziishi kwa silinda mbili zinazogusana tu.

Thibitisha kwanza. Mimina kijiko cha oili silinda ya 3, pima tena. Namba isipopanda, si ringi. Kisha peleka pistoni ya 3 juu kabisa, valvu zote mbili zikiwa zimefunga, ingiza upepo wa kompresa kupitia tundu la plagi, sikiliza tundu la plagi ya 4. Upepo ukitokea huko, umemaliza uchunguzi. Ukitoa mapovu kwenye rejeta, gasketi inapeleka moto kwenye maji na ndiyo sababu inachemsha. Ukisikika kwenye ekzosi au kwenye kabureta, basi ni valvu. Mtu ashike boliti ya krenki kwa spana ndefu, maana upepo unaizungusha injini na gia otomatiki haiwezi kuizuia.

Hedi zote mbili zishuke, usifungue upande mmoja tu. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa hedi, pitisha filagaji (vibapa vya chuma vya kupimia mwanya) chini yake. Ikipita ya milimita 0.08 ndani ya urefu wa sentimita 15, ipelekwe ikachongwe. Wakati wa kurudisha, gasketi zina neno FRONT na lazima likae mbele pande zote mbili. Matundu makubwa ya maji yanatakiwa kuwa nyuma. Ukigeuza moja, maji yanakata njia fupi na injini itachemsha hata ukiweka rejeta mpya ya bei mbaya. Kosa hili ni la kawaida kwa sababu gasketi inaingia pande zote mbili bila kulalamika. Boliti kaza kuanzia katikati kwenda nje, hatua tatu: Nm 68, 81, halafu 98. Kabla ya hapo pitisha waya kwenye kila tundu la boliti. Tundu linalofunguka kwenye maji, boliti yake ipakwe silanti. Mengine oili kidogo kwenye nyuzi.

Ukiwa hapo fungua na kava ya mbele. Gia ya kamshafti ya miaka ile ilivikwa meno ya nailoni. Ikizeeka meno yanakatika, vipande vinaanguka kwenye sampo na kuziba chujio la pampu ya oili. Watu wanaua beringi za krenki wakidhani pampu ndiyo mbovu. Weka seti ya chuma yenye mnyororo wa mistari miwili, sampo ishuke ioshwe.

Sasa kitu ambacho mafundi wetu wengi hawakijui kwa sababu Toyota hawana tatizo hili. 302 za zamani zimesawazishwa kwa uzito wa nje wa aunsi-inchi 28. Za kuanzia mwanzoni mwa miaka ya themanini ni 50. Ukinunua puli ya mbele au sahani ya konveta ya 5.0 (302 hiyo hiyo kwa lita) ya miaka ya themanini, itaingia kwenye boliti vizuri kabisa, halafu gari itatetemeka mpaka krenki ivunjike. Uliza namba hiyo kabla hujalipa.

Mpangilio wa moto ni 1-5-4-2-6-3-7-8, rota inazunguka kinyume cha saa. Waya za 7 na 8 usizifunge pamoja, zinafuatana kuwaka na moja inaambukiza nyingine. Kamshafti ya aina hii inasugua moja kwa moja kwenye tapeti, kwa hiyo inataka oili yenye zinki ya kutosha. Oili nyingi nyepesi za petroli za siku hizi zimepunguzwa zinki. 15W-40 ya dizeli ya daraja CI-4 inapatikana kila kona na inafaa. Ukibadilisha kamshafti, siku ya kwanza kuwasha usiiache ilale kwenye sailensa. Ishike mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika 20 mfululizo.

---

UZ_Mbezi

Ngoja nitetee upande wa pili, maana 1UZ-FE inasingiziwa mengi. Ni lita 4, bloku ya alumini, kamshafti nne, nguvu zake ni zaidi ya za 302 yako ya midomo miwili, na ni nyepesi kuliko ile ya chuma. Kwenye foleni inatulia. Tatizo ni namna watu wanavyoinunua.

Usinunue injini peke yake imelala sakafuni dukani. Nunua nusu ya mbele ya gari, waya zisiwe zimekatwa, kompyuta yake, mita ya hewa, kebo ya mafuta na gia yake vyote vikiwa pamoja. Waya iliyokatwa ikaungwa itakula hela kuliko injini. Fungua kompyuta uangalie kapasita. Kwenye hizi za mwanzo huwa zinavuja na kula bodi.

Stata ya injini hii iko katikati ya V, chini ya manifoldi ya hewa. Kuibadilisha ni kufungua manifoldi nzima. Basi ipime au ifanyie huduma injini ikiwa bado chini. Angalia pampu ya usukani: ikivuja, mafuta yanatiririka juu ya alteneta. Mkanda wa taimingi badilisha hata ukiambiwa ni mpya. Zile za mwanzo mkanda ukikatika valvu hazigongani na pistoni. Za baadaye zenye VVT-i (taimingi ya valvu inayobadilika) zinagongana, na hapo hedi zimekwenda.

Ndani ya Mustang vita ni upana. Minara ya shokapu imebana pande zote mbili na boksi la usukani liko kushoto, hapo hapo ekzosi inapotaka kupita. Kabla ya kuchomelea maunti, shusha bloku tupu yenye hedi, zungusha usukani mpaka mwisho kushoto na kulia, uone fimbo ya usukani inapita wapi chini ya sampo. Tangi la Mustang halina vizuizi ndani. Ukiweka pampu ya presha ya bar 3, mafuta yakiwa robo na ukikata kona gari inakohoa, kwa hiyo inahitaji tangi dogo la kati na laini ya kurudisha mafuta. Propela ikatwe na isawazishwe. Geji ya mwendo ya Mustang ni ya kebo, ya Toyota ni ya umeme.

Halafu TRA, mamlaka ya mapato. Kadi ina namba ya injini, ukibadilisha injini kadi nayo ibadilishwe. Usisubiri siku ya kuuza.

Ukiweza yote hayo, utapata gari nzuri sana. Ukitaka njia ya mkato, hii siyo.

---

Geji

UZ_Mbezi kasema kweli, na orodha yake yenyewe ndiyo jibu kwa mleta mada. Spea ya 1UZ ipo Gerezani, sawa, lakini maunti, ekzosi, propela na tangi havipo Gerezani, vinatengenezwa. Gasketi, mnyororo na pampu ya maji ya 302 vinaingia kwenye boksi moja la mzigo wa ndege, na bado vinatengenezwa vipya kwa sababu injini hii Ford aliiweka kwenye magari mengi kwa miaka mingi. Mwenye kompresheni ya 130 kwenye silinda sita hana sababu ya kutupa injini.

---

BatiNaMsasa

Mnabishana injini wakati bodi inazama. Mkuu, acha injini kwanza. Yale maji miguuni ndiyo gharama kubwa ya gari hii.

Chini ya kioo cha mbele, nyuma ya boneti, kuna matundu ya hewa. Chini ya matundu kuna boksi la bati la tabaka mbili ambalo kiwandani halikupakwa rangi vizuri ndani. Majani yanaingia, yanaoza, yanashika unyevu, na shingo za matundu ya kuingizia hewa zinatoboka. Maji badala ya kutokea pembeni yanashuka kwenye sakafu. Jaribio lake: toa kapeti, mtu mmoja alale chini ya dashibodi na tochi, mwingine amwagie mpira wa maji kwenye matundu, nusu upande wa dereva halafu nusu upande wa abiria. Utaona tone linatokea wapi. Usikubali mtu akupake silikoni au lami kwa juu. Kutu iko katikati ya tabaka mbili na itaendelea kula.

Dawa ni kufungua. Boneti na mabawa ya mbele yatoke, na kioo nacho kikitoka kazi inakuwa safi. Toboa nukta za kuchomelea kwa biti maalumu ya milimita 8 inayokata bati la juu tu na kuacha la chini. Ni nyingi, zaidi ya mia, na hapa ndipo fundi asiye na subira anachukua tindo na kupindisha kila kitu. Tengeneza shingo mpya, paka epoksi ndani kote, silanti kwenye maungio, ndipo urudishe.

Ukiwa kule chini piga nyundo ndogo kwenye reli za mbele, maboksi ya pembeni yanapokutana na kizingiti, na sakafu chini ya miguu. Gari hii haina chasisi ya kutenganisha, bodi ndiyo chasisi. Kabla hujakata sakafu, pima upana wa mwanya wa mlango juu, katikati na chini, andika kwa kalamu kwenye bodi, kisha chomelea bomba la mraba kutoka nguzo ya mbele kwenda ya nyuma. Ukikata bila hilo, milango itakataa kufunga na hakuna rangi itakayoificha. Buti nalo lisisahaulike: juu ya tangi la mafuta ndiyo sakafu ya buti, kwa hiyo mpira wa tangi ukioza, maji na harufu ya petroli vinaingia ndani.

Bati la sakafu tumia milimita 1.2, la ngozi ya nje 0.8. Fundi wa welding ya gesi atakupa kazi haraka, lakini joto lake linatanua bati na utalipia kwa fila. Tafuta mwenye mashine ya MIG, waya wa 0.6, apige nukta moja hapa, nyingine mbali na hapo, aache ipoe. Mstari mrefu wa moja kwa moja kwenye ubavu wa gari ni mawimbi. Beba sumaku siku ya kukagua. Fila isizidi milimita 3, na ikae juu ya epoksi, siyo juu ya bati tupu.

Rangi ni ya mwisho kabisa, na si kipindi cha masika. Primer ya kawaida ya kijivu inanyonya maji kama sponji, kwa hiyo gari iliyoachwa na primer nje mwezi wa nne hapa Dar tayari ina kutu chini yake. Bati likishasafishwa lipakwe epoksi siku hiyo hiyo. Asubuhi likiwa na jasho la umande, usipulizie. Subiri likauke na lipate joto.

---

RimuNaBreki

Nachangia kidogo tu kwenye miguu.

Rimu: utaambiwa Mustang ni 5x114.3 (boliti tano kwenye duara la milimita 114.3) kwa hiyo za Toyota na Nissan zinaingia. Boliti tano zinalingana kweli. Ila tundu la katikati la Mustang linahitaji milimita 70.5 na Toyota nyingi ni 60.1, hazipiti kwenye habu bila kuchongwa. Ofseti (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu) ya Toyota za siku hizi ni +35 hadi +50. Mustang inataka kati ya 0 na +15 hivi. Ukilazimisha, tairi inasugua ndani. Na stadi ni za nusu inchi zenye nyuzi 20 kwa inchi, siyo M12. Nati ya M12 ikiingizwa kwa nguvu inaua stadi, na gurudumu litatoka barabarani.

Hilo la nyuzi linahusu gari zima. Nunua seti ya spana za inchi: 7/16, 1/2, 9/16, 5/8. Boliti ya 5/16 inafanana na M8 mpaka unapoikaza.

Breki: weka diski mbele kabla ya kuongeza nguvu yoyote. Usibadilishe diski peke yake. Masta silinda ya ngoma ina kivalvu kinachobakiza presha kwenye laini. Diski ikikutana nacho, pedi zinabaki zimebana na rota inakuwa nyekundu ukishuka mteremko mmoja. Masta iwe ya diski kwa ngoma, na laini ya nyuma ipate valvu ya kupunguza presha, la sivyo nyuma itafunga kwanza na gari igeuke. Mafuta ya breki yanavuta unyevu, na kwa hewa ya hapa pwani yabadilishe kila mwaka.

---

ChumaChaKale

Nimewasoma wote, asanteni sana. Upepo wa silinda ya 3 unatokea ya 4, na rejeta inatoa mapovu. Mpira wa maji nao umeonyesha matone pande zote mbili, sio kwa abiria peke yake. Kwa hiyo 302 inabaki na tunaanza na bati.

Mawili yamebaki. Kuna mtu yuko tayari kupiga mchanga bodi nzima kwa bei nzuri, mchanga anautoa Kunduchi. Na foleni: gasketi ikipona, rejeta ya zamani itatosha?

---

BatiNaMsasa

Mchanga wa ufukweni hapana, hata akikufanyia bure. Una chumvi. Inabaki kwenye vinyweleo vya bati na rangi itatoa malengelenge kutoka chini. Na vumbi la mchanga wa kawaida linaharibu mapafu ya anayepiga na ya majirani. Tumia ganeti au chembechembe za chuma, kwenye reli, minara ya shokapu na sehemu nene tu. Boneti, milango na ubavu usipige kabisa: bati la 0.8 linatanuka na kuwa na tumbo. Hizo toa rangi kwa dawa ya kuondolea au diski laini, kwa mkono.

---

Geji

Rejeta: ivuliwe ikachokonolewe au ibadilishwe iwe ya safu tatu. Lakini kabla ya hapo angalia kama kava la plastiki linalozunguka feni bado lipo. Nyingi zimepotea. Bila kava hilo feni inazungusha hewa ile ile ya moto, na ndiyo maana gari inapoa barabarani na kuchemsha ikisimama. Panga za feni zikae nusu ndani ya kava, nusu nje. Thamostati weka ya digrii 82, usiitoe kabisa kama wanavyozoea gereji bubu. Kifuniko cha rejeta kiwe cha psi 13.

Maji ya kisima usitie. Visima vingi vya Dar vina chumvi na ndani ya bloku ya chuma inajenga ukoko. Maji yaliyosafishwa, nusu kwa nusu na kulanti.

Ukimaliza hayo, jambo moja la foleni litabaki: petroli kuchemka ndani ya kabureta. Gari itazima Mwenge na kukataa kuwaka mpaka ipoe, na fundi atakwambia ni koili. Weka kipande cha fenoli cha nusu inchi kati ya kabureta na manifoldi, na laini ya petroli isiguse hedi wala ekzosi. Hakikisha kwanza boneti inafunga. Nusu inchi inatosha kwa kichujio cha hewa cha asili. Ukiweka inchi nzima, kifuniko chake kitagusa boneti.

C4 yako inataka ATF (mafuta ya gia otomatiki) ya Type F, siyo Dexron. Pima kiwango injini ikiwa inawaka, gia ikiwa P, mafuta yakiwa ya moto.